Nyimbo Nilizomfutia Baba

Nilipookoka nikiwa kidato cha pili, nilichukua simu ya baba akiwa anaoga nikafuta nyimbo zake zote. Zilikuwa za gitaa, za kwao magharibi mwa Kenya, na alizicheza kila Jumapili akipaka viatu rangi. Kwenye kambi ya vijana tulikuwa tumefundishwa kwamba nyimbo za dunia huingiza mapepo nyumbani. Nikamjazia za kwaya. Alipouliza zake zilikokwenda, nilimweleza. Aliitazama simu, kisha akasema, "Haya, mama." Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Hiyo "haya" nimeifikiria miaka yote hii. Sijui ilikuwa ya kukubali au ya kuumia.

Chuoni, kwaya zilinitoka polepole. Nilisikiliza rapu kwa sababu ya mwenzangu wa chumbani, kisha nyimbo za Nijeria kama kila mtu. Baada ya kuhitimu, nikiwa nyumbani Mutuini, Nairobi, nikingoja majibu ya kazi, nikaanza kutafuta yale magitaa. Sina hakika kama nayapenda. Huenda ninachopenda ni kujuta. Nimejaribu kuyasikiliza bila kumfikiria baba, nikashindwa, halafu nikajiuliza kama kuna anayependa wimbo bila kumfikiria mtu.

Mwezi uliopita nilikwenda River Road, kwa muuzaji anayejaza nyimbo kwenye flashi, nikamwomba zile za gitaa.

"Unataka za kusikiza ama za matanga?" aliniuliza.

"Kuna tofauti?"

"Za matanga ni ndefu. Watu hawana haraka huko."

Nilishindwa kuchagua. Akanijazia zote.

Nilimpelekea baba flashi hiyo kwenye karakana yake karibu na Jamhuri, anakotengeneza vitanda. Redio ilikuwa ikicheza kwaya, mojawapo ya zile nilizompa mimi. Nikamwambia nimemletea nyimbo zake, na kwamba nilikosea kuzifuta.

"Hukukosea. Ulinionyesha njia," alisema. "Sasa mimi ni mzee wa kanisa, na wewe ndio unaniletea dunia kwa flashi?"

Sikujua kama ananitania. Fundi mwenzake ndiye aliyecheka. "Weka tu, mzee. Pasta hununua viti kwingine, hatatukuta hapa."

Baba aliichomeka flashi kwenye redio mwenyewe. Wimbo ulipoanza, akarudi kupiga randa, na kelele za randa zikafunika nusu ya maneno. Nilimtazama usoni nikitafuta chochote, hata hasira. Hakukuwa na kitu ila vumbi la mbao. Wimbo ulipokaribia kwisha, akasimama.

"Hii siyo yenyewe," alisema. "Ile yangu ilikuwa na mwanamke anaitikia nyuma."

"Nitafute?"

"Shika huo upande," alisema, akiinua ubao.

Niliushika, tukaubeba mpaka penye msumeno. Wimbo wa pili ukaanza, na hakuna aliyeuzima. Huo nao ulikuwa wa sauti za wanaume tu.