Siku Mzee Kitasa Aliponitoa Ukumbini

Mume wangu ni bawabu wa ukumbi wa bunge, na kule kazini wote, kuanzia Spika mpaka wafagiaji, wanamwita Mzee Kitasa. Kengele ya kura ikilia, wabunge walioko kantini na koridoni hukimbilia ndani. Ikinyamaza, yeye anafunga mlango, na aliyebaki nje amebaki, hata awe waziri. Aliwahi kumfungia nje waziri mwenye kijiko cha supu mkononi. Alinisimulia bila hata kutabasamu, mimi nikacheka mpaka mbavu zikaniuma.

Ni mtu wa taratibu huyo, sijui niliolewaje naye. Shati lake anapiga pasi mwenyewe, eti mimi naacha mikunjo kwenye kola. Kuongea kwake ni kwa nadra, kwa hiyo mimi ndiye ninayeongea kwa niaba ya nyumba nzima. Nashona mapazia katika karakana ambayo vyerehani vinaunguruma kutwa, na ukizoea kuongea juu ya kelele zile, koo linasahau kunong'ona. Hilo ndilo lililoniponza.

Mtoto wetu wa mwisho, tunamwita Kitinda, ni mwanajeshi. Serikali ilimpeleka na wenzake nchi jirani kutuliza ghasia. Ghasia zikatulia, jeshi likabaki. Bendera yetu ikapepea juu ya ofisi zao, askari wetu wakawa wanapekua mikoba ya watu wanaokwenda kwenye soko lao wenyewe. Kule hawatakiwi, na huku hakuna aliyejua tena wanafanya nini. Kitinda akipiga simu alikuwa akizungumzia mvua na jua tu, mpaka siku moja akanieleza habari za bibi mmoja anayepita kwenye kizuizi chao.

"Namsalimia kila asubuhi, mama. Hajawahi kuitikia. Na ningekuwa yeye, nisingeitikia pia."

Tangu siku hiyo usingizi wangu ukawa wa mang'amung'amu. Nilimtaka mwanangu nyumbani, basi.

Ndipo ikaja bungeni hoja ya kuwarudisha askari. Karakana yetu nayo ikageuka bunge. Mkata vitambaa alisema kuondoka ni aibu, nikamwambia kama anapapenda sana, ampeleke wa kwake. Nyumbani nikamuuliza mume wangu yuko upande gani. Akasema mlango hauna upande. Nusura nimrushie mwiko. Lakini wiki ile nilimwona akilipiga pasi shati lile lile mara mbili, na ya pili lilikuwa limeshanyooka. Nikajua naye moyo hauko mahali pake.

Siku ya kura nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kukaa jukwaa la wageni, juu ya ukumbi. Sheria ya pale ni kwamba mgeni hasemi, hapigi makofi, na akikiuka bawabu anamtoa. Mume wangu alinikumbusha wakati navaa viatu. Nikamuuliza kama anaongea na mtoto.

Nilikaa kwa adabu zangu zote. Mbunge mmoja mzee, aliyewahi kuwa askari, aliuliza kama tungefurahi majirani wakituwekea kizuizi hapa nje ya bunge. Mama mmoja wa upande wa pili akasema tukiondoka kwa pupa, wenyeji waliotusaidia watalipiziwa kisasi. Hapo nilinyong'onyea, kwa sababu alisema kweli, na wale nao wana mama zao. Akajibiwa kwamba hoja inataka wanaotishiwa waletwe huku kwanza, kisha jeshi liondoke kwa awamu. Nikashusha pumzi.

Kisha akasimama bwana mmoja, kifua mbele, leso mfukoni. Akasema tubaki, kwa sababu wenyeji wanatupenda. Wanatupokea kwa mikono miwili.

"Hata salamu hawaitikii!"

Sauti ilikuwa yangu. Ukumbi mzima ukageuka kuniangalia, na redio ya taifa ilikuwa inatangaza moja kwa moja. Spika akagonga meza, akamwamuru bawabu amtoe mgeni yule. Mume wangu akapanda ngazi polepole, akanyoosha koti lake, akasimama mbele yangu kama mtu ambaye hajawahi kuniona.

"Mama, tafadhali, twende."

Nikaenda. Kwenye ngazi nikamuuliza kama kweli ananifukuza, mimi, mke wake. Akasema ameshanifukuza. Ila nilimwona anavyojiuma mdomo asicheke.

Tumefika koridoni, kengele ikalia. Wabunge wakapita mbio. Mmoja hakutikisika: mbunge wetu wa mtaani, ambaye tunamwita Tutaangalia kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila kitu. Alikaa kwenye benchi, simu sikioni, anaitikia "naam, naam," na kioo cha simu ni cheusi tii. Alikuwa amejificha asihesabiwe popote.

Nikakaa karibu yake. Safari hii sikupaza sauti. Nilimweleza habari za Kitinda na yule bibi.

"Mheshimiwa, sikwambii upige kura gani," nikamaliza. "Ila mwanangu yuko kwenye kizuizi na wewe uko kwenye benchi."

Akanitazama. Akaweka simu mfukoni, akatimua mbio, tai begani. Mume wangu alikuwa amesharudi mlangoni, ameshika kitasa kwa ndani, na nilijua kengele ikinyamaza hamfungulii mtu, si kwa ajili yangu wala ya Kitinda. Ikanyamaza. Tutaangalia akajitupa ndani, mlango ukafungwa, na pindo la koti lake likabanwa. Yeye ndani, pindo nje, pamoja na mimi.

Na mlango ule haufunguliwi mpaka kura zihesabiwe. Kule ndani wanapiga kura kwa kunyoosha mkono, lakini ubao wa mlango ni mnene, sikusikia kitu. Nikabaki nakodolea pindo. Mara likavutika juu. Kanyoosha mkono! Lakini ni kwa ndiyo au kwa hapana? Nikalibembeleza pindo lile kama mwendawazimu. Mfagiaji alipita na ndoo, akaamua kurudi alikotoka.

Yakasikika makofi. Mlango ukafunguliwa, Tutaangalia akaponea chupuchupu kuanguka chali. Nyuma yake alitoka mume wangu, macho mekundu.

"Imepita," akasema. "Kwa kura moja."

Nilimrukia shingoni pale pale, mbele ya waheshimiwa. Naye, mtu wa taratibu, akaniacha nimning'inie. Tutaangalia tangu hapo anatangaza mtaani kwamba yeye ndiye aliyewarudisha watoto wetu. Aseme tu. Simpingi hata kidogo.

Jioni simu ikaita. Kitinda alikuwa anacheka hata kuongea hawezi. Kambi nzima ilikuwa imezunguka redio, na aliposikia ile sauti aliwaambia wenzake, "Huyo ni mama yangu." Wakamwambia aache uongo. Kisha wakasikia "Mama, tafadhali, twende," akawaambia na huyo anayemtoa ni baba. Wakacheka mpaka wengine wakalia, na kura iliposomwa wakalia wote.

Nikampa baba yake simu. Alikuwa amejikohoza na kujiandaa, nikajua leo atatoa hotuba. Akaishika kwa mikono miwili, midomo inacheza.

"Njoo, mwanangu," akasema. "Njoo tu."

Akanirudishia simu, akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.