Pikipiki Mbili za Shemeji na Mama wa Vudee

Mume wa mdogo wangu anauza pikipiki zilizotumika pale Same mjini. Mwaka aliofanyiwa upasuaji wa goti alinipigia simu siku ya kwanza kabisa ya likizo yangu. Alisema amepokea pikipiki mbili kubwa, wateja wanaziulizia kila siku, na hospitali wamemkataza kurusha mguu juu ya kitu chochote. Akaniomba niziendeshe siku chache, nimweleze zilivyo, naye apate la kuwaambia watu.

Hakuniomba kwa bahati mbaya. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, daktari wa mifugo, na zaidi ya nusu ya maisha yangu ya kazi nimeyapitisha juu ya pikipiki ya serikali, ile nyembamba, nikienda kuchanja ng'ombe tambarare. Leseni ninayo, mavumbi nimeyala. Ila hizi kubwa nilikuwa nimezoea kuziona zikinipita tu.

Nilianza na spoti, nyekundu, iliyochuchumaa kama panzi anayetaka kuruka. Ile huikalii, unailalia. Miguu inakunjwa nyuma, tumbo linaegemea tanki, na uzito wote unaishia kwenye viganja. Mdogo wangu alinitazama nikijipanga pale juu, akaingia ndani. Niliposikia anacheka jikoni, nikatia gia nikaondoka.

Nilishika lami ya kuelekea Mwanga, milima ikiwa kulia. Upepo wa Same unapita kwenye pengo kati ya Upare wa kusini na wa kaskazini, na ulinikuta ubavuni kama mtu anayetaka nimpishe. Pikipiki haikujali. Nilikuwa gia ya tatu, bado mbili tatu sijazigusa, na tayari mkonge wa kando ya barabara ulikuwa mstari mmoja wa kijani. Nilijisikia nikicheka ndani ya helmeti, peke yangu.

Mbele ng'ombe wakaanza kuvuka. Nikashika breki, nikasimama mbali kidogo, injini ikinguruma chini yangu. Mzee aliyekuwa anawachunga alinikazia macho mpaka nilipovua helmeti na kumwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akanitambua. Ng'ombe wake nimewachanja miaka mingi.

"Daktari," akasema, "ndiyo hii wamekupa ya kazi?"

Nikamweleza kwamba ni ya kuuza, mimi naijaribu tu, na isitoshe niko likizo. Akafikiri kidogo, akaniambia ng'ombe wake mmoja ana kiwele kigumu, na ng'ombe hajui likizo. Kwa hiyo niliiegesha ile pikipiki kando ya barabara, nikachuchumaa kwenye nyasi nikiwa na jaketi la ngozi la shemeji. Chuchu moja ilikuwa ya moto, maziwa yake mabonge mabonge. Nikamwambia aikamue mara kwa mara, maziwa ayamwage, na nikampigia mwenzangu wa zamu apeleke dawa mchana ule.

Jioni viganja vyangu vilikuwa vimekufa ganzi na mgongo haukutaka kunyooka. Nilimwambia shemeji spoti ni tamu sana, ila amtafutie kijana mwenye mgongo mpya.

Ya pili ilikuwa kruza. Si lile gari. Ni pikipiki ndefu, nyeusi, kiti cha chini, usukani mpana, miguu unaitupa mbele kama uko sebuleni. Nyuma ilikuwa na kiti cha abiria chenye egemeo. Niliipenda kabla sijatoka getini. Nikaamua kuipandisha Vudee kwa mama, nione kama mlima inauweza.

Mlima iliuweza. Kona ndizo zilizonishinda. Kwenye ile ya tatu, penye changarawe, niliikata kwa ufupi mno, na kruza ikalala chini polepole, bila haraka, kama ng'ombe aliyeshiba. Mimi nilibaki nimesimama. Kinamama wawili waliokuwa wanashuka na ndizi walitua mizigo yao. Mmoja akaniambia niipe mgongo, nikunje magoti, nisukume kwa miguu. Tukaiinua watatu. Wakaniuliza kwa Chasu, Kipare chetu, mimi ni wa nyumba gani, na nilipowaambia wakasema watamsalimia mama kanisani.

Mama alitoka akaizunguka mara mbili. Bodaboda hajawahi kuipanda. Husema mtu hawezi kukumbatia mgongo wa asiyemjua. Akabonyeza kiti cha nyuma, akagusa egemeo.

"Hii ina kiti," akasema.

Akaingia ndani. Nilidhani ameenda kuchota uji. Akatoka na sweta, mkoba wa kanisani na kitambaa kipya kichwani, akanijulisha kwamba hajamwona mdogo wangu tangu mavuno. Nikatafuta sababu ya kukataa. Ya mwisho ilikuwa helmeti, lakini kwenye begi la pembeni shemeji alikuwa ameweka ya pili.

Tulishuka kwa utaratibu wake. Kila kona kali alishuka, akatembea, mimi nikaipitisha kruza huku nimeburuza miguu yote miwili, kisha akatafuta jiwe la kukanyagia, akapanda tena. Watu walitoka mashambani kututazama. Aliwasalimia wote.

Tulipofika kwenye lami nikasimama. Nikamwuliza kama ameogopa.

"Kule juu niliogopa," akasema. "Hapa ongeza kidogo."

Nikaongeza. Baada ya muda nikasikia anaimba, sauti ile ya pili anayoimba kwenye kwaya, upepo ukiichukua na kuirudisha. Sikugeuka. Tangu baba afariki nilikuwa sijamsikia akiimba nje ya kanisa.

Uwanjani kwa shemeji tulimkuta mteja, mwenye nyumba ya wageni, akiisubiri hiyo hiyo kruza. Alimpokea mama mkoba, akamwamkia, akamwuliza inakwendaje. Mama akamjibu kwa kirefu, kona kwa kona, bila kuficha ile iliyoilaza kruza, niliyokuwa nimemwonyesha tukishuka. Mteja akainunua.

Mama alisimama getini mpaka ikapotea. Kisha akamgeukia mkwe wake, akamwuliza kwa heshima zote kama mwezi huo anatarajia kupokea nyingine.