Habari za Korongo wa Harlan

Harub bin Sleyum aliondoka Unguja mwaka 1964 na sanduku moja. Hati za shamba alizisahau mezani. Alichokumbuka kupakia ni kitabu kizito chenye picha, historia ya Korongo wa Harlan, timu ya besiboli ya kulipwa ya mji wa Harlan huko Marekani. Alikuwa ameachiwa na fundi mmoja wa kituo cha Wamarekani cha Tunguu, ambako Harub alikuwa karani. Besiboli yenyewe hakupata kuiona hata siku moja, lakini hilo halikumzuia kuwa mtaalamu wake mkubwa kuliko wote Matrah, bandari ya Omani alikohamia, ambako ushindani, kusema kweli, haukuwa mkali.

Kwa miaka mitatu hakupata kazi ya maana, basi akapata wasaa wa kusoma. Alijua kwamba timu ilianzishwa na wauza ngozi. Alijua kwamba mrushaji Klemm alikatwa kidole na mashine ya kusagia nyama, na tangu hapo mipira yake ikawa inapinda hewani. Alijua kwamba Rourke, mpigaji wao hodari, aliuzwa kwa timu nyingine akalia mbele ya watu. Wazee barazani walimuuliza huyo Rourke ni wa kabila gani. Harub alikiri, kwa aibu ya kweli, kwamba kitabu kilikuwa kimya juu ya jambo hilo.

Mkewe, Masouda, hakuvutiwa. "Wamarekani ishirini na tano wawajua mmoja mmoja," alimwambia, "na chumvi wasahau."

Waliishi kwa kaka yake Masouda, Aflah, aliyewavumilia kwa ukarimu uliopungua kila mwezi. Mwaka 1967 Aflah alitoa uamuzi: Harub asipopata kazi kabla ya Ramadhani, atakwenda Nizwa, bara huko, kulinda mitende ya shemeji yake. Mitende haina haja na besiboli.

Ndipo ikasikika kwamba kampuni ya mafuta inatafuta karani wa ghala ajuaye Kiingereza, na kwamba mkuu wa ghala ni Mmarekani, tena mzaliwa wa Harlan. Harub alikwenda na kanzu iliyopigwa pasi mara tatu, kitabu kwapani.

Mmarekani alipokiona kitabu, uso ulimlainika. "Habari gani za Korongo siku hizi?" aliuliza.

Sasa, Muomani akiulizwa habari, jibu ni moja. Hata akiwa amezika jana na nyumba imeungua leo, atasema kheri. Ya msiba husemwa baada ya kahawa. Harub alikuwa amejifunza adabu hii kwa bidii ya mgeni. Aliweka mkono kifuani.

"Kheri. Hakuna jipya."

Mmarekani alimsogezea barua ya dada yake. Timu ilikuwa imeuzwa, imehamishiwa mji wa mbali na kubadilishwa jina, na uwanja umevunjwa. Alisema kwa upole kwamba anahitaji karani atakayemwambia ukweli wa kilichomo ghalani.

Harub alimweleza desturi. Mmarekani alisikiliza bila kuamini, kisha akamuuliza kwao hasa ni wapi.

"Zanzibar."

"Na huko, habari gani?"

Harub alikumbuka hati zilizobaki mezani. "Kheri," alisema. "Hakuna jipya."

Mmarekani, ambaye magazeti ya 1964 aliyasoma, aliikunja barua polepole. Aliagiza kahawa, vikombe viwili.

Ilikuwa ya kopo, mbaya sana. Harub alijaziwa kikombe mara tatu, kama desturi, akasema yote yaliyompata Unguja, na Jumamosi akaanza kazi. Mitende ya Aflah ikatafutiwa mlinzi mwingine.