Pazia la Mama Mkwe na Mashine ya Boti

Kwa kuwa niliwahi kufanya kazi kwenye mashine ya kusaga pale Majengo, Mpanda, watu walidhani najua kila mashine iliyoumbwa. Nilichojua ni kumimina mahindi, kurudisha mkanda ukichomoka, na kukohoa unga. Shule niliishia la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza, mwalimu alihama. Lakini nilipohamia ukweni, kijiji cha ziwani kaskazini ya Ikola, jina lilishafika kabla yangu: fundi. Ndiyo maana asubuhi ile mama mkwe alipokamatwa na tumbo, wakaja kunigongea mimi.

Ngoja kwanza niseme nilifikaje ukweni, maana mwanaume kukaa ukweni si sifa. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa tulizika mtoto wetu wa kwanza kule Mwamkulu, tulikokuwa tunalima mpunga. Surua. Mke wangu akasema hataki kuuona tena ule mpunga, twende kwa mama yake. Nikasema sawa. Wakati ule nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu. Ukinipa uji nakunywa, ukisahau kunipa nami nasahau. Watu wakasema nina moyo mgumu, wengine wakanisifu. Haukuwa ugumu. Ni kama mguu ulioukalia ukafa ganzi: unaushika, unajua ni wako, basi.

Sasa, kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Mkikutana njiani mmoja anaingia majani. Ukitaka kumwambia neno, linapitia kwa mke. Nilikaa pale tangu kupanda mpaka kuvuna, na sauti yake niliijua ya kupitia ukutani tu.

Tumbo lilikuwa la kujikunja, baya, na mganga wa karibu alikuwa misheni, mwendo wa nusu siku kwa maji kwenda kaskazini. Boti kubwa ya kijiji ilikuwa mchangani inasubiri ubao. Iliyokuwa majini ni mashua ndogo ya tanga ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Na upepo hakuna, ziwa limetulia kama mafuta kwenye sufuria. Wazee wakaamua: mashine ya boti kubwa ifungwe kwenye ile ndogo.

Wanaume wanne waliileta imening'inia kwenye mti kama nguruwe pori. Shemeji akapigilia ubao ubavuni, nyuma, tukaibana kwa skrubu zake. Mashua ikakaa kitako kama mbwa, pua juu.

Likabaki la heshima. Mkwe na mama mkwe chombo kimoja, itakuwaje? Shangazi mmoja akalimaliza: wekeni pazia. Shemeji akachukua kamba ya kupandishia tanga, akaikatiza toka mlingotini mpaka ubavuni, kanga zikatundikwa. Mama akalazwa mbele ya pazia, mimi na mashine nyuma, shemeji kwenye usukani. Kila mtu akaridhika. Mke wangu alibaki ufukweni, mashine ilikuwa imekula nafasi yake.

Tulienda vizuri, mashine inanguruma, nyuma ya kanga mama anasali rozari na kuugua. Katikati ya safari ikakohoa ikanyamaza. Nikavuta kamba yake mpaka bega likachoka. Nikafungua kifuniko, nikapuliza pale nilipowahi kuona watu wakipuliza.

"Fundi, vipi?" shemeji akauliza.

"Imekataa."

"Imekataa kwa lugha gani?"

"Shemeji, sijui."

"Ya kusaga ikikataa huwa unafanyaje?"

"Namwita mwenye mashine."

Hapo ndipo upepo ulipoamka, wa kusini, upepo wa kutufikisha misheni kabisa. Na kamba ya tanga imebeba pazia. Mawimbi yakaanza kupanda nyuma, tulikokuwa tumezama kwa uzito wa mashine, na mguu wake ndani ya maji unatuvuta upande mmoja kama mbuzi aliyefungwa.

"Toa pazia," shemeji akasema.

"Nitamtazamaje mama?"

"Fumba macho."

"Nifumbe macho nisimame kwenye mashua?"

"Basi zama na heshima yako! Mimi nikiachia usukani tunapinduka!"

Nyuma ya kanga kuugua kukakatika. Shemeji akanitazama. Nikajua anachofikiri, maana nilishawahi kusikiliza ukimya wa namna hiyo. Nikanyoosha mkono, ukaishia njiani.

Pazia likaanguka lenyewe. Mama alikuwa amefungua kamba kwa upande wake. Amekaa, miguu kainyoosha, uso wa jivu. Ulikuwa uso wa mke wangu, umezeeka tu.

"Mashine sasa!" shemeji akapiga kelele. "Ifunge kamba kabla hujalegeza skrubu, isije ikaenda chini!"

Nikafunga, nikalegeza, nikaikumbatia nikavuta. Mzigo wa nchi kavu na mzigo wa majini si mzigo mmoja. Ule wa majini unakusukuma. Ilikuwa ya moto, ikaniunguza kifua, na hilo nililijua kesho yake nilipoona malengelenge. Nikageuka nayo, nikakosa pa kuiweka. Nafasi yote amekaa yeye.

"Leta hapa, baba."

"Mama, ni nzito."

"Nimesema leta. Nitaipakata."

Nikaishusha. Mguu wa mashine ukalala kwenye sakafu ya mashua, kichwa mapajani kwake juu ya gunia. Mkono wangu ukagusa goti lake, yeye akanishika mkono nisianguke. Mashua ikanyooka. Nikapandisha tanga kama shemeji alivyonielekeza, tukaondoka.

Njia nzima aliishikilia isibingirike, mafuta yanamchuruzikia kwenye nguo, na kiganja chake kinaipigapiga polepole, kama unavyombembeleza mtoto. Nilikiona kile kiganja. Nikangoja lije lile chozi linalowajia watu. Halikuja. Nikaendelea kukumba maji kwa kopo.

Misheni wakampasua siku hiyohiyo, akapona.

Aliporudi, nikipita anageuza uso vilevile. Wazee wakasema nilete jembe na kuku, kuondoa aibu ya kugusana. Mke wangu, anachambua dagaa, akaniuliza mama alinisemesha nini mle.

"Leta hapa."

"Na nini tena?"

"Nitaipakata."

Akaacha kuchambua. Akainuka akaenda nyuma ya nyumba, nikamsikia analia. Mimi nikabaki nimekaa, nabonyeza lile jeraha la kifuani, haliumi.

Kisha nikatoka kukamata kuku. Walisema yeyote anatosha. Nikamchukua yule aliyekuwa anataga.