Mrija wa Baba

Jirani yangu hapa Mtwapa hunywa mnazi kibarazani jioni. Harufu yake chachu inapopenya mlangoni, nauona ukuta wa jikoni kwetu Tezo na mirija iliyochomekwa kwenye makuti.

Kila mwanamume wa nyumba ile alikuwa na mrija wake wa tete, umefungwa nyuzi za makumbi ya nazi mwishoni ili zichuje takataka za mnazi. Wa baba ulikuwa umeiva kwa moshi. Baba alikuwa ameenda kufanya kazi za hoteli Kikambala, na salamu zake zilikuwa zimeanza kukatika. Sisi watoto tulikata mabua ya mpapai, tukayafanya tarumbeta, tukayafanya viko. Mrija wa baba hatukuugusa. Lakini kila mgema alipoleta mnazi, bibi, mama yake baba, aliuteremsha, akausuuza, akaurudisha. Nilijua kwamba maadamu unasuuzwa, baba anarudi.

Siku moja mzee wa jirani alikuja kunywa na baba zangu wadogo, naye amesahau mrija wake.

"Sasa niinamie kibuyu kama mbuzi?" akatania.

Wote walicheka isipokuwa bibi. Alisimama kidogo mbele ya ukuta, kisha akauchomoa mrija wa baba, akampa.

"Bibi, huo una mwenyewe," nikasema.

"Kunywa, mzee," bibi akasema bila kunigeukia.

Mzee akavuta mpaka kibuyu kikakoroma. Akajifuta midomo, akausifu mrija kwa wepesi wake.

"Basi nenda nao," bibi akamwambia.