Mahali Aliposimama Bibi

Kamera ya kazi yangu huona pande zote kwa mpigo mmoja: mbele, nyuma, dari, sakafu. Unaisimamisha katikati ya chumba, unatoka, unabonyeza simu. Ofisini unaizungusha ile picha, na kila penye ufa au unyevu unaweka nukta nyekundu. Mwezi ufuatao unarudi, unapiga palepale, unalinganisha. Sharti ni moja tu: chumbani pasiwe na mtu.

Sharti hilo lilinishinda kwenye nyumba moja ya Kibokoni, Mji wa Kale.

Ghorofa ya juu aliishi bibi mmoja, mjane, peke yake. Wanawe ndio walioomba nyumba ikaguliwe, na walikuwa wamekwisha kumwambia waziwazi: ukuta wa chumba chake ukionekana una hatari, anahamia Bondeni kwa bintiye. Yeye aliingia chumba kile akiwa bi harusi. Aliapa hatatoka ila amebebwa.

"Shikamoo, bibi. Naomba utoke kidogo nipige picha."

"Marahaba. N'toke n'ende wapi, mwanangu? Mgeni hawatwi peke yake chumbani. Wewe piga, mimi n'tasimama hapa."

Na kweli alisimama, mgongo ukutani, kati ya kabati na kitanda cha samadari, amejitanda leso mpaka chini, kikombe cha kahawa mkononi. Mimi nina hasira za karibu, na siku ile zilinipanda. Lakini utamfukuzaje mtu mzima chumbani mwake, naye kesha kukuwekea kahawa na halua? Nikaenda zangu kwenye ngazi nikabonyeza.

Ikawa hivyo kila mwezi. Ofisini walinitania kwamba nimepata mchumba Mji wa Kale. Nami nikazoea, hata nikawa nikifungua picha namtafuta yeye kwanza, kabla ya nyufa. Alipoanza kukonda, nilimwona akikonda pichani. Mara ya mwisho kahawa ilikuwa sakafuni, na viganja vyake vyote viwili vimeshika ukuta nyuma yake. Nilidhani ni miguu imechoka.

Alifariki kitandani mwake, asubuhi, baada ya kuswali. Nilikwenda mazikoni, nikasimama nje na wanaume, jeneza likapita mbele yangu.

Matanga yalipokwisha nikarudi kazini mle chumbani. Hapakuwa na wa kumwomba atoke. Nikaisimamisha kamera, nikabonyeza nikiwa ngazini, sikutaka kukaa. Ofisini nikaizungusha picha polepole, nikakawia kufika kwenye kabati kwa sababu nilijua simkuti.

Nilikuta ufa. Ulianzia sakafuni, ukapanda mpaka usawa wa bega lake, na upana wake vidole vingeingia. Nikazifungua picha za nyuma, moja baada ya nyingine. Zote ni yeye, na leso yake, na kikombe chake. Nililia palepale mezani, na sioni haya kusema.

Kisha nikaweka nukta nyekundu, maana kazi ni kazi. Haukupita muda, mhandisi wetu akanipigia simu, mkali kweli. Ufa mkubwa namna ile, picha zote za nyuma zimekosaje kuuonyesha?

"Palikuwa na mtu," nikamwambia.

"Mtu gani?"

"Mwenye nyumba."