Trekta Niliyoichora Katuba

Kosa ni langu, tuanzie hapo. Watu wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, walisema hivyo zamani, nami nikabisha miaka mingi. Leo nimechoka kubisha.

Wakati ule mambo yote Lubumbashi yalikuwa yameharibika. Migodi ilikuwa imenyamaza, mishahara ya serikali haionekani, na kila mwenye jembe alilima popote penye udongo. Mimi nilikuwa assistant, yaani mhadhiri msaidizi, kwenye kitivo cha kilimo cha chuo kikuu, nikapewa mradi wa kuwasaidia wakulima. Mradi wenyewe, jamani! Ulikuwa na toroli moja lisilo na gurudumu, na mimi.

Nikapelekwa kwenye shamba la mahindi la akina mama wa Katuba. Niliwafundisha kupalilia, kwa Kifaransa, nikiwa chini ya mwavuli. Walinisikiliza kwa adabu huku wakiendelea kupalilia. Kiongozi wao, mjane Mama Agnès, alinionea huruma, akawa ananifungia unga na sombe, kisamvu chetu, nipeleke nyumbani. Naam, mradi wa kusaidia wakulima ulikuwa unalishwa na wakulima!

Nikaona aibu. Lakini badala ya kushika jembe, nikatengeneza kibao. Mungu wangu, kibao kile! Kilikuwa kipana kuliko mlango wa kanisa. Niliandika "Mradi wa Chuo Kikuu", nikachora magunia ya mbolea, ng'ombe anayecheka, na trekta kubwa nyekundu.

"Monsieur l'assistant," Mama Agnès akaniuliza, "ile tracteur itakuya lini?"

"Iko mu njia, mama!"

Uongo mtupu, na ulinitoka kwa urahisi.

Mahindi yakakauka, tayari kuvunwa. Habari zikaenea kwamba askari, ambao nao hawalipwi, wanapora maduka mjini. Akina mama wakataka kuvuna haraka. Nikawazuia! Nilikuwa nimealika wakubwa wa chuo waje kupiga picha, na kibao bila mahindi kingeniaibisha.

"Bantu banaficha unga," Mama Agnès akasema, "na shiye tunaacha mahindi ku shamba juu ya foto?"

"Siku kidogo tu, mama."

Wageni walifika kweli. Nilisikia lori likisimama, nikakimbia kuwapokea, tai shingoni. Walioruka chini walikuwa askari. Mmoja akagonga kibao changu kwa kitako cha bunduki, akaniuliza kwa Kilingala: "Tracteur ezali wapi?"

Nikamwambia ni mchoro tu. Hakuna aliyecheka isipokuwa yule ng'ombe.

Waliitafuta trekta hadi nyuma ya choo. Walipoikosa, wakawalazimisha akina mama kuvuna, wakajaza lori mahindi yote, wakaondoka. Mashamba ya jirani, yasiyo na kibao, hawakuyagusa kabisa!

Ile njaa siisahau. Mama Agnès hakuwa na unga wa kulisha watoto wake, akawapeleka kwa mjomba wao katika mji wa Kambove. Nilikuwapo walipoagana. Mdogo alimshika mama yake kitenge, ikabidi vidole vyake vibanduliwe kimoja kimoja. Mama yule hakuniangalia hata mara moja. Ee, nililia, na machozi yangu hayakumsaidia mtu.

Mvua zilipoanza nilirudi kuomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa hotuba, tena ndefu. Akanikata, akanyoosha kidole kwenye kibao.

"Ulisema tracteur iko mu njia."

"Ndiyo, mama."

"Basi, inafika." Akanipa jembe. "Njo weye. Lima." Yaani trekta ndiyo mimi.

Nikalima msimu mzima. Viganja vilipasuka, mgongo ukakataa kunyooka, na wenzangu wa kitivo wakipita walijifanya hawanijui. Mahindi mabichi yalipokuwa tayari, Mama Agnès akawarudisha watoto wake. Yule mdogo alisimama pembeni ya shamba akitafuna hindi la kuchoma, akaniangalia, kisha akaangalia kibao.

"Mama, njo hii tracteur?"

"Njo yenyewe," akajibu mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akacheka.

Mpaka leo Katuba nzima wananiita Tracteur, na ninaitika. Nanyi mnaokwenda kusaidia wakulima, nawaomba sana: kama hamwezi kujizuia kuchora, choreni jembe. Na mjifunze kulishika kabla rangi haijakauka!